Mtazamo, utamaduni na "ndiyo" ya heshima: maswali tunayoulizwa sana Unguja na Pemba

Nimezunguka na dodoso Unguja na Pemba kwa miaka kadhaa, kwanza nikiwa karani wa utafiti, kisha msimamizi wa makarani. Mwenye kalamu ni mimi, lakini wenye maswali mengi ni wenye nyumba. Yafuatayo ndiyo yanayojirudia kila shehia, yaani kila eneo lililo chini ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji, pamoja na majibu ambayo barazani huwa sipati nafasi ya kuyamaliza.

Mtazamo ni kitu gani hasa? Si tabia tu hiyo?

Tabia ni kile unachokifanya. Mtazamo ni kule kuelemea kwa moyo upande wa kupenda au kuchukia kabla hujafanya lolote. Wanasaikolojia huugawa sehemu tatu: unachokiamini juu ya kitu, unavyojisikia ukikutana nacho, na unachoelekea kukifanya.

Chukua papa mkavu. Ingia Marikiti ya Darajani upande wa samaki wakavu na mgeni wako. Yeye atashika pua. Wewe utakumbuka mchuzi wa nazi wa mama yako na mate yatakujaa. Harufu ni hiyo hiyo moja. Hakuna aliyezaliwa akimpenda papa mkavu, wala aliyezaliwa akimchukia. Tofauti imetoka kwenye jiko alilokulia kila mmoja.

Sasa huo utamaduni unaingiaje kichwani mwa mtu?

Kwa njia nyingi, na nyengine hazina kelele kabisa. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kuwa kukutana na kitu mara kwa mara, bila ya malipo wala somo, kunatosha kumfanya mtu akipende zaidi. Aliwapa watu maneno yasiyo na maana kwao na michoro iliyofanana na herufi za Kichina, mengine mara moja moja, mengine mara nyingi. Yale yaliyojitokeza mara nyingi ndiyo waliyoyakisia kuwa na maana nzuri. Mlio wa vikombe vya muuza kahawa unaokutuliza wewe jioni ulianza kukutuliza hivyo hivyo, bila ya mtu kukufundisha.

Njia nyengine ni kusifiwa na kukemewa. Mtoto wa miaka minne anayempita mzee barazani bila kumwamkia huitwa arudi, tena mbele ya watu. Pale anajifunza salamu, lakini anajifunza na kitu kikubwa zaidi: lile joto la uso linaloitwa haya. Miaka thelathini baadaye atamkuta mtu hana haya na atamchukia kabla ya kujua kwa nini.

Jambo ninalopenda kulisisitiza ni hili alilolieleza Daniel Katz mwaka 1960: mtazamo una kazi unayomfanyia mwenyewe. Mwengine unamsaidia kupata faida na kuepuka hasara, mwengine unamkinga na hofu zake, mwengine unatangaza yeye ni nani, mwengine unampangia dunia ieleweke. Mitazamo miwili inaweza kufanana kwa nje na kazi zake zikawa mbali kabisa. Kwa miaka mingi wasichana wa vijiji vya pwani walikulia hatua chache tu kutoka baharini bila kujua kuogelea. Ungedhani wazazi wanaogopa maji, ukawaletea hotuba juu ya usalama, na usingefika popote. Kilichokuwa kikilindwa ni sitara. Nungwi walipoanza kufundishwa na walimu wa kike, wakiwa na mavazi yanayofunika mwili, mlango ulifunguka. Hakuna aliyeambiwa abadilishe imani yake.

Ni kweli kwamba sisi ni watu wa jamaa na Wazungu ni watu wa nafsi zao?

Kiasi. Mwaka 1991 Hazel Markus na Shinobu Kitayama waliandika kwamba zipo jamii ambazo mtu hujiona kama kitu kilichosimama peke yake, na zipo ambazo hujiona kupitia kwa wenziwe: mtoto wa fulani, jirani wa fulani. Muulize kijana wa Wete "wewe ni nani?" na mara nyingi utapewa ukoo kwanza, kazi baadaye. Hilo linaingia hata kwenye matangazo ya biashara. Utafiti wa mwaka 1994 uliolinganisha Korea na Marekani ulikuta matangazo ya Korea yakitaja zaidi familia na umoja, na ya Marekani yakitaja zaidi faida ya mtu binafsi na kuwa tofauti na wengine.

Ila tahadhari na alama zinazosambaa za kulinganisha nchi na nchi. Geert Hofstede alitumia zaidi ya hojaji 100,000 zilizojazwa na wafanyakazi wa kampuni ya IBM mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwenye kipimo chake cha mtu kujitegemea nafsi, Marekani ilipata 91 na "Afrika Mashariki" 27. Lakini Afrika Mashariki hiyo ni Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zilizotiwa kwenye kapu moja. Ukiniambia namba hiyo inamweleza mchuma karafuu wa Mkoani, nitakuomba unionyeshe alipopata kazi IBM.

Na angalia lugha yetu ilivyokwishatoa hukumu. Jaribu kulitaja jambo hilo la mtu kusimama kwa nafsi yake kwa Kiswahili: neno la karibu mno ni "ubinafsi", na hilo ni tusi.

Mtazamo hauonekani. Mnaupima vipi?

Mwaka 1928 Louis Thurstone alichapisha makala ya kudai kwamba mitazamo inapimika, na wakati ule lilikuwa dai zito. Njia yake ilikuwa ndefu: kukusanya kauli nyingi, kuwapa watu kadhaa wazipange kuanzia ya kuchukia kabisa hadi ya kupenda kabisa, kisha kuchagua chache za kuwauliza wengine. Mwaka 1932 Rensis Likert akaleta njia nyepesi ambayo kila aliyewahi kutembelewa na karani anaijua: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Charles Osgood na wenzake, mwaka 1957, wakaongeza ile ya jozi za sifa, ambapo kitu unakiweka kati ya kizuri na kibaya, chenye nguvu na dhaifu, cha kasi na cha polepole.

Yote haya yanadhani kuwa mtu akisema "nakubali" amekubali. Mimi nilifunzwa vyengine upande wa Konde. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye jamvi nje ya nyumba yake anachambua karafuu, karafuu upande huu, makonyo upande ule, vidole vinakwenda vyenyewe. Nikamsomea kauli: mwanamke akishaolewa aendelee na skuli akitaka.

"Nakubali."

Maswali sita mbele nikafika kwenye kauli iliyopinduliwa makusudi: mwanamke akishaolewa, skuli basi.

"Nakubali."

"Bibi, mbona umezikubali zote mbili?"

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyekula kwa mkono wa kushoto. "Mwanangu, weye ushatoka mjini na jua hili, na makaratasi yako hayo. Nikwambie sikubali?"

Wanasaikolojia wanalijua tatizo hili la watu kuelemea kwenye "ndiyo" bila kujali kauli inasema nini, na wamelikuta nchi nyingi. Ndiyo maana nusu ya kauli hupinduliwa, ili "ndiyo" za bure zijiumbue. Lakini bibi yule hakuwa mvivu wa kufikiri. Alinijibu swali ambalo sikujua kuwa nimemuuliza: je, nitakustahi au nitakuvunja uso? Kwake hilo lilikuwa na uzito kuliko la skuli.

Nikaweka kalamu nikamsaidia kuchambua. Kabla jamvi halijaisha alikuwa ameshanisimulia ya mjukuu wake, aliyeolewa akiwa kidato cha pili, na mume akamwachia amalize. "Yule kapata mume," alisema, kisha akataja wawili ambao hawakupata. Mtazamo wake ulikuwa wazi kabisa. Ulichokosa ni kisanduku cha kutilia alama.

Tangu siku hiyo napendelea visa vifupi vya kubuni: "Yuko msichana mmoja, kaolewa, anataka kurudi skuli, mama mkwe hataki. Watu wa hapa wangesemaje?" Anayejibu anawasemea watu wa hapa, na katika kuwasemea anajisemea.

Na wale wanaojibu "sina uhakika" kila swali?

Wengine kweli hawana. Wengine wamekaa katikati kwa adabu. Mwaka 1995 ulitoka utafiti uliolinganisha wanafunzi wa Japani, Taiwan, Kanada na Marekani, na wale wa Japani na Taiwan walitumia zaidi jibu la katikati. Wamarekani walitumia zaidi majibu ya pembeni kabisa. Kwa hiyo tofauti ya wastani baina ya nchi mbili huenda isiwe tofauti ya mitazamo hata kidogo. Huenda ni tofauti ya namna watu walivyolelewa kujaza fomu.

Mbona watu wanasema hivi wanafanya vile?

Hili ndilo swali lenyewe, na lina umri wa karibu miaka mia.

Kuanzia mwaka 1930 Richard LaPiere alizunguka Marekani na mume na mke, Wachina, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa nyingi. Walifika hoteli, nyumba za wageni na mikahawa 251. Walikataliwa mara moja tu. Miezi kadhaa baadaye akaziandikia barua sehemu hizo akiuliza: mtawapokea wageni wa Kichina? Zikajibu 128, na zaidi ya asilimia 90 zilisema hapana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1934 na hadi leo wanafunzi wa saikolojia huanza nayo.

Sisi tunayo ya kwetu, na imekwenda kinyume cha ile. Mwaka 2009 chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa bure kwenye maeneo yaliyokuwa hatarini zaidi Unguja na Pemba. Kabla ya chanjo kufika, watafiti waliwahoji watu wazima wa Chumbuni, Unguja, na Mwambe, Pemba: ikiletwa bure, mtaitumia? Zaidi ya 9 kwa kila 10 walisema ndiyo. Zoezi lilipokwisha, kati ya watu 48,178 waliostahiki, waliokunywa dozi zote mbili walikuwa 23,921. Nusu.

Wale wa LaPiere walikataa kwa karatasi wakapokea kwa uso. Wetu walikubali kwa uso, kisha nusu hawakumaliza. Nikiziweka hadithi hizi mbili pamoja naona jambo moja: uso wa mtu aliye mbele yako una nguvu kuliko maoni yako. Mhudumu wa hoteli alishindwa kuwafukuza watu wenye adabu waliosimama mbele yake na mizigo. Na mtu wa Mwambe hakuona sababu ya kumwambia mgeni aliyekaa kwenye mkeka wake kwamba dawa yake haitaki.

Lakini nisiutupie uungwana lawama zote. Icek Ajzen alitoa mfumo, ulioenea tangu mwaka 1991, unaosema kuwa nia ya kutenda hukaa juu ya mafiga matatu: mtazamo wako juu ya jambo, unavyodhani watu wako wanakutarajia ufanye, na unavyojiona una uwezo wa kulifanya. Tuseme mama anaitaka chanjo. Mumewe hajasema kitu, mama mkwe kauma midomo, na siku ya dozi ya pili imeangukia maji ya bamvua, siku ambazo bahari hukupwa sana na hakuna mkulima wa mwani anayebaki nyumbani. Figa la kwanza liko imara kabisa na chungu bado kimepinduka. Aliyepima figa moja atashangaa.

Kama "ndiyo" ni ya heshima, hamna njia ya kuipita?

Zipo, na baadhi zinafurahisha.

Ya kwanza ni ya kuhesabu kauli. Nusu ya watu wanapewa kauli nne za kawaida na kuambiwa: usiniambie zipi zinakuhusu, niambie ni ngapi. Nusu nyengine wanapewa zile zile nne na ya tano, ile nzito. Tofauti ya wastani wa makundi mawili inakuambia ni watu kiasi gani wanakubaliana na ya tano, na hakuna hata mmoja aliyejifichua.

Ya pili ilibuniwa na Stanley Warner mwaka 1965 na inategemea bahati: chombo cha kubahatisha ndicho kinachoamua ujibu swali gani, na karani hajui ulijibu lipi. Kihesabu ni safi. Lakini jaribu kumtolea mzee sarafu ya kurusha ukumbini kwake baada ya sala ya alasiri. Ataona umemletea kamari, na mahojiano yameishia hapo.

Ya tatu ni ya kompyuta. Mwaka 1998 Anthony Greenwald na wenzake walitoa jaribio linalopima kasi: unapanga maneno na picha kwa kubonyeza vitufe viwili, na vitu vinavyoendana kichwani mwako unavipanga haraka zaidi. Dhana ni kuwa kasi haidanganyi. Wanasaikolojia wenyewe bado wanabishana, kwa sababu mtu huyo huyo akirudia siku nyengine huweza kupata alama tofauti, na alama hizo zinatabiri matendo kwa udhaifu. Mimi naongeza kwamba kwa mtu ambaye hajawahi kuzoea kibodi, linapima kibodi.

Na ipo njia isiyotaka hesabu: mtume karani anayefaa. Mwanamke aulizwe na mwanamke. Sheha akishawatambulisha, aage, kwa sababu hakuna mtu atakayesema ya moyoni juu ya huduma za shehia na sheha kakaa pembeni anakunywa chai. Utaona ni mambo madogo, lakini nimeona madodoso yaliyojaa majibu mazuri mno kwa sababu hiyo tu.

Si mnatafsiri tu maswali kutoka Kiingereza?

Mara nyingi, ndiyo, na hapo ndipo mengi yanapoharibika. Utaratibu uliopendekezwa na Richard Brislin mwaka 1970 ni mtu mmoja atafsiri kuja kwa Kiswahili, mwengine asiyeiona asili airudishe, kisha zilinganishwe. Unakamata makosa ya maneno. Ya maisha haukamati. Kauli "najitegemea, simhitaji mtu" inakwenda na kurudi salama, ila kule inasikika kama sifa na huku kama majivuno ya mtu atakayekosa wa kumzika.

Emory Bogardus, katika miaka ya 1920, alitengeneza ngazi ya kupima umbali baina ya watu wa makundi tofauti: ungekubali awe mkwe wako, rafiki, jirani, mfanyakazi mwenzako, raia, mgeni tu? Ngazi inadhani mgeni yuko mbali kuliko jirani. Katika nyumba nyingi za huku mgeni analazwa kitanda kizuri siku ya kwanza, na jirani wa miaka ishirini hajawahi kuuona ukumbi wa ndani. Ukiichukua kama ilivyo, utapata takwimu nadhifu zisizo na maana.

Hata lugha unayoulizwa inakusukuma. Mwaka 2010 watafiti waliwapima watu wa Moroko wanaojua Kiarabu na Kifaransa, kwa lile jaribio la kasi. Watu hao hao walielemea zaidi upande wa majina ya Kimoroko walipopimwa kwa Kiarabu kuliko kwa Kifaransa. Mtu wa Mjini anayehojiwa kwa Kiingereza kazini asubuhi na kwa Kiswahili nyumbani jioni anaweza kutoa majibu mawili ya kweli.

Mitazamo inabadilika? Au mtu akishalelewa ndiyo basi?

Inabadilika, na mara nyingi tendo linatangulia. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Wapo waume walionuna kuona wake zao wanashinda baharini. Pesa zilipoingia ndani, mabati yakapanda juu ya paa na sare za skuli zikanunuliwa, manung'uniko yakapungua. Hakuna semina iliyofanya kazi hiyo.

Leon Festinger alieleza mwaka 1957 kwamba tendo na imani vikipingana, mtu husumbuka, na kwa kuwa tendo limeshapita, hugeuza imani. Mwaka 1959 yeye na James Carlsmith waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha, kisha wakawalipa ili wamwambie anayefuata kuwa ilikuwa nzuri. Waliolipwa dola 1 waliishia kuiona nzuri zaidi kuliko waliolipwa dola 20: wa dola 20 alikuwa na kisingizio, wa dola 1 hakuwa nacho.

Kitayama na wenzake, mwaka 2004, waliona kuwa Wajapani huutetea uchaguzi walioufanya zaidi pale panapokuwa na macho ya watu, hata yakiwa ni nyuso zilizochorwa kwenye karatasi ukutani. Mtu wa kwetu aliyelelewa na "watu watasema nini?" hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Utalii si unatuzoesha na wageni tukapendana?

Gordon Allport, mwaka 1954, aliweka masharti ya kukutana kunakopunguza chuki: hadhi sawa, lengo moja, kushirikiana, na wakubwa kuunga mkono. Mhudumu anayebeba sanduku na mgeni anayetoa bakhshishi wanakutana kila siku bila ya hadhi sawa. Timu ya mpira iliyochanganyika inayatimiza masharti hayo zaidi kuliko hoteli nzima.

Tafiti hizi zinatuhusu sisi kweli?

Chache. Uchambuzi wa Jeffrey Arnett wa mwaka 2008, wa majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, ulikuta asilimia 96 ya waliochunguzwa wanatoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 ya watu wa dunia. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Wazanzibari 1,889,773. Tumehesabiwa, kuulizwa vizuri ni kazi nyengine.

Mtafiti akija mlangoni kwangu, ni lazima nijibu?

Si lazima. Muulize kibali chake na cha sheha, muulize majibu yanakwenda wapi na jina lako litaandikwa au vipi. Una haki ya kukataa tangu mwanzo, kuruka swali, au kusimama katikati, na karani aliyefunzwa hatanuna. Na kama hukubaliani na kauli, mwambie sikubali. Chai unaweza kumpa vile vile.